"Ugonjwa uliorithi" au "uliorithiwa"?

SWALI: Ninahariri ripoti za kliniki ya macho. Daktari kaandika: "Mgonjwa ana ugonjwa wa Stargardt uliorithi kutoka kwa mama, na jana alipiga picha ya retina." Mwenzangu anataka niandike "ugonjwa wa kurithiwa" na "alipigwa picha". Nimfuate?

JIBU: Kwenye picha mfuate. Kwenye kurithi usimfuate: ukikuta "ugonjwa wa kurithi", usiuguse. Kitenzi-jina (kama "kurithi") kikifuata a-unganifu (hiyo "wa") hakidai kauli ya kutendwa: twasema maji ya kunywa, si maji ya kunywewa. Mambo hubadilika ukiingiza kirejeshi, ile "-o-" ya "uliorithi". "Ugonjwa uliorithi" unaufanya ugonjwa wenyewe kuwa mrithi! Andika "uliorithiwa" au, nipendavyo mimi, "aliourithi".

Kinachonikera zaidi ni hilo "kutoka kwa mama". Stargardt, unaoharibu makula, yaani sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), kwa kawaida hutokea mtoto anapopata nakala mbili zenye kasoro za jeni ya ABCA4, moja kwa baba na nyingine kwa mama. Wazazi hao mara nyingi wanaona vizuri tu; mama hakuwa na ugonjwa wa kumrithisha mtu. Andika: "alirithi jeni yenye kasoro kwa wazazi wote wawili." Ingekuwa ugonjwa wa Best, mwingine wa makula, ambao jeni ya mzazi mmoja inatosha kuuleta, nisingelalamika. Na "kaambukizwa na mama" ifutwe popote uikutapo.

Sasa picha. Katika mazungumzo watu husema "nimepiga eksirei", kama wasemavyo "nimenyoa" ilhali wembe ulikuwa mkononi mwa kinyozi. Si kosa. Lakini ripoti ina mgonjwa na mpiga picha katika ukurasa mmoja, hivyo mgonjwa "alipigwa".

Chunga kauli hata unapofika kwenye maelezo ya picha yenyewe. Katika picha za mng'ao wa asili, retina humulikwa, mara nyingi kwa mwanga wa buluu, bila mgonjwa kudungwa dawa ya rangi. Kinachong'aa ni lipofusini, mabaki yanayorundikana ndani ya seli zilizo nyuma ya retina. Basi ni "madoa yanayong'aa", si "yaliyong'arishwa". Seli hizo zikifa, hapana tena cha kung'aa; hapo andika "sehemu nyeusi", wala si "sehemu iliyozimwa", kana kwamba kuna fundi aliyegusa swichi.