Jibu: Baba ana Parkinson, tumuulize vipi matakwa yake bila kumchuria?

Dada, pole kwa kuuguza. Parkinson ni ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili. Umeuliza namna ya kumwuliza baba atibiweje akizidiwa, sauti yake ikiwa inafifia na shangazi zako wakiona ni uchuro.

Kwanza angalia saa. Zungumzeni kama saa moja baada ya kumeza levodopa, dawa ya Parkinson inayolegeza mwili, mwili ukiwa umelegea na maneno yanatoka. Dawa ikiisha nguvu ataitikia "sawa" kwa kila kitu, nanyi mtadhani amekubali.

Usianze na kifo. Anza na kumeza, maana huko ndiko ugonjwa huu hubana: "Baba, uji ukianza kukupalia, utakubali mrija wa kulishia, au tukulishe kwa kijiko taratibu hata kama utakula kidogo?" Kisha mashine ya kupumulia, kisha nani awe msemaji wake. Mmoja tu; wawili hubishana mlangoni pa wodi. Akichoka, acheni mpaka siku nyingine. Shangazi mmoja awepo asikie kwa masikio yake, kwani habari ya kuletewa hataiamini.

Andikeni karatasi moja yenye tarehe na sahihi. Nakala ikae kwenye faili lake Muhimbili, nyingine nyumbani, na ana haki ya kuibadili wakati wowote. Chini yake wekeni saa za dawa, kwamba zisikatwe ghafla akilazwa, na kwamba metoklopramidi (dawa ya kuzuia kutapika) na haloperidoli (dawa ya kutuliza mgonjwa aliyechanganyikiwa) humzidishia ukakamavu. Tafadhali msiliache hili: akiletwa usiku hawezi kusema, karatasi ndiyo itamsemea.