Bushi nzima, shafti imeliwa

SWALI: Mambo fundi, mashine yangu ilikuwa na bushi (zile pete shafti inazungukia ndani yake) za nailoni ya kawaida, zikaisha, nikaambiwa niweke za nailoni yenye nyuzi za kioo asilimia 30 eti ndio ngumu zaidi. Kweli bushi bado ziko fiti, ila shafti ndio imechimbika mifereji! Nimeuziwa feki au?

JIBU: Pole sana, ila feki siyo, yaani hiyo ndiyo kazi ya kioo yenyewe. Nyuzi zinaifanya nailoni isipinde na isilegee ikipata joto, sasa watu wakisikia "ngumu" wanadhani inafaa pia kusuguana, kumbe hayo ni mambo mawili tofauti. Kioo ni kigumu kuliko chuma laini, kwa hiyo nailoni ya juu ikishalika ncha za nyuzi zinachomoza zinaanza kukwangua shafti, halafu vipande vinavyokatika vinabaki humo katikati vinasaga kama msasa.

Unachotaka ni plastiki inayoacha utando mwembamba wake kwenye chuma, ikifika hapo plastiki inateleza juu ya plastiki mwenzake na shafti inapumua. Bingwa wa hilo ni Teflon, kipimo cha msuguano wake kinashuka hadi kama 0.05 hivi, lakini ikiwa peke yake inaisha haraka mno, cha ajabu ukiichanganya na unga wa kaboni au shaba nyeusi kulika kunapungua mara mia na zaidi, kwa sababu utando unashika vizuri. Kwako wewe tafuta nailoni yenye nyuzi za kaboni na Teflon ndani yake, kaboni haina ukali wa kioo kwenye chuma.

Ila usiifunge kwenye shafti hiyo hiyo yenye mifereji, itatafunwa siku chache tu! Ichongwe upya, na usiing'arishe mpaka iwe kioo cha kujitazamia maana utando nao unahitaji pa kushika, ukwaru wa maikromita (elfu moja za milimita) 0.2 hadi 0.4 unatosha. Acha na nafasi kidogo kati ya bushi na shafti, nailoni inanyonya maji ikavimba, na joto haitoi haraka kama chuma, ukiibana inajipika yenyewe. Halafu ukifungua baadaye ukakuta shafti ina weusi weusi usiikwangue, ndio utando wenyewe huo.