Jibu: Jumamosi moja Mwanza na watoto na bibi, twende wapi?

Dada, nimekuelewa: siku moja tu, watoto wawili wadogo, bibi yao anaumwa magoti, na hutaki kutoka nje ya mji. Nendeni Kisiwa cha Saanane, ndani ya Ziwa Victoria. Boti zinaondokea Capri Point, na ni mwendo wa dakika chache.

Kisiwa kilikuwa cha Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima. Mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Wahini asubuhi, mawe yakiwa bado ya baridi. Watoto watawaona pimbi, wanyama wadogo wa mawe, wakiota jua, na mijusi wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu. Hapo hawatatamani kuondoka! Bibi asipande majabali, mtafutieni kivuli. Beba kitambulisho, maana Mtanzania hulipa nafuu kuliko mgeni.

Kwenye boti kila mtu avae jaketi okozi. Na tafadhali sana, watoto wasichezee maji ya ufukweni, ziwa lina kichocho. Wakiingia, wapeleke wakapimwe baada ya miezi miwili hivi hata kama hawaumwi. Ukiona damu kwenye mkojo, nenda hospitali siku hiyohiyo.