Je, tarehe 15 Machi ina nuhusi?

SWALI: Nikahi ya binti yangu ni tarehe 15 Machi. Shemeji aliyeko London anasema Wazungu huiogopa siku hiyo, ndiyo aliyouawa Kaizari. Mpiga falaki wa mtaani kadakia: hata Qur'ani imetaja siku za nuhusi, ahirisheni. Kadi tumeshagawa.

JIBU: Mama yangu, msiahirishe.

Warumi waliita katikati ya mwezi Idus (si Idi yetu): tarehe 15 katika Machi, Mei, Julai na Oktoba, na 13 katika miezi mingine. Ya Machi ilikuwa sikukuu ya Anna Perenna, mungu wao wa kike wa mwaka. Watu walijilaza majanini kando ya mto Tiber wakilewa, kila kikombe wakijiombea mwaka mmoja wa umri. Siku waliyoiogopa wao ni ya pili yake, tarehe 16! Mkosi wa 15 umekuja baada ya Julius Caesar, mtawala wa Roma, ndiye huyo Kaizari, kuchomwa visu 23, mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Na hata hapo Brutus, mmoja wa wauaji, alipiga sarafu yenye majambia mawili na jina la siku hiyo, akijivunia. Aliyemtabiria Kaizari hatari alikuwa msoma matumbo ya wanyama wa kafara. Hiyo ndiyo elimu ya kuahirishia nikahi?

Huyo wa falaki ndiye anayenisumbua zaidi, kwa kuwa anaegemea Aya. Kweli Suratul Qamar, Aya ya 19, imetaja siku ya nuhusi ya kina Adi, kaumu ya Nabii Hud walioangamizwa kwa upepo. Lakini asome Al-Haaqqa, Aya ya 7: upepo ule ulivuma mikesha saba na siku nane. Siku nane zimezunguka wiki nzima; kama nuhusi ni ya siku, isingebaki hata Ijumaa. Nabii Hud na walioamini walikuwa katika siku hizo hizo, wakaokolewa. Nuhusi ilikuwa ya wakanushaji. Mtume (s.a.w.) amesema tiyara, yaani kuamini ishara za mkosi, ni shirki. Waarabu waliukimbia mwezi wa Shawwal kwa ndoa. Yeye akamuoa Bibi Aisha Shawwal, na akaingia naye Shawwal.

Wasiwasi ukikujia moyoni, hauna dhambi maadamu hukuufuata. Sema: Allahumma laa khayra illaa khayruk, wa laa tayra illaa tayruk, wa laa ilaaha ghayruk (Ewe Mola, hakuna kheri ila kheri yako, wala nuhusi ila uliyoikadiria wewe, wala mungu ila wewe). Bwana harusi akikosa ruhusa kazini, badilisheni tarehe bila hofu. Kwa falaki, hapana, na msimwendee tena.

Walii, mashahidi wawili na mahari, hayo ndiyo ya kuhakikisha. Umenieleza ya shemeji, kadi na falaki. Sijaona uliposema binti ameulizwa. Mwulizeni, na bikra akinyamaza, kimya chake ni idhini.