Shujaa Akiishiwa Pumzi: Maswali na Majibu

Safari hii tunajibu maswali ya kanuni za uchovu peke yake, maana ndiyo yaliyotufikia kwa wingi kutoka kwa wasomaji wa Dar wanaojitungia michezo ya mashujaa ya kuchezea mezani kwa sanamu ndogo. Ili tuelewane, "pumzi" ni akiba anayoitumia shujaa kufanya makubwa, na "uchovu" ni adhabu inayomwandama akizidisha. Mifano yote ni ya mchezo wa raundi 6, kila shujaa ana vitendo 2 kwa zamu, na tunarusha dadu 2 za pande sita.

Habarini wakuu. Shujaa wetu ana pumzi 10, kila raundi anarudishiwa 3, na pigo lake kubwa linakula 4. Mbona hachoki? (Msomaji, Sinza)

Hachoki kwa sababu hesabu zenu hazimfikishi huko. Chukueni pumzi ya kuanzia, mjumlishe na anachorudishiwa katika raundi 5 zinazofuata ile ya kwanza: 10 na 15, jumla 25. Mapigo 6 ya pumzi 4 ni 24. Basi anapiga pigo kubwa kila raundi, na mchezo ukiisha bado ana pumzi 1.

Wengi hapo hukimbilia kupunguza kile anachorudishiwa. Msifanye hivyo peke yake. Mkiiacha 10 ya mwanzo na kumrudishia 1 tu, atapiga raundi ya 1, ya 2 na ya 3 mfululizo, kisha raundi tatu zilizobaki hana uwezo wa pigo kubwa hata moja. Mapigo matatu ya mfululizo mwanzoni mara nyingi huwa yameshaamua mchezo, kwa hiyo uchovu unamkuta mtu aliyekwisha kushinda.

Jaribuni 6 za kuanzia, kurudishiwa 2, na pigo libaki 4. Atapiga raundi ya 1, ya 2, ya 4 na ya 6. Raundi ya 3 na ya 5 zinakuwa mapengo, na mpinzani makini anayaona yanakuja na kujipanga kumvamia. Hiyo ndiyo kazi ya kanuni hii: kumpa mpinzani saa yake.

Wekeni na ukomo, pumzi isizidi 6 kamwe. Bila ukomo, mtu atajificha nyuma ya jengo raundi mbili, pumzi ifike 10, kisha apige raundi nne za mwisho bila kukosa hata moja. Ukiwepo ukomo, ujanja huohuo unampa mapigo matatu tu, yaani amepata hasara kwa kujificha.

Shikamooni. Kwetu kila alama ya uchovu inapunguza 1 kwenye dadu, kwenye kinga na kwenye mwendo. Anayetangulia kuchoka ndiye anayefungwa, kila mara. (Mwanafunzi, Mbagala)

Marahaba. Tatizo ni kwamba kosa moja mnaliadhibu mara tatu. Tazama dadu peke yake kwanza. Anayehitaji 7 au zaidi kwa dadu 2 hufanikiwa mara 21 kati ya 36, sawa na asilimia 58. Alama moja ya uchovu inamfanya ahitaji 8, na nafasi inashuka hadi 15 kati ya 36, asilimia 42. Alama ya pili inampeleka kwenye 9: 10 kati ya 36, asilimia 28. Alama mbili tu, na zaidi ya nusu ya uwezo wake imekwenda. Juu ya hapo mmempunguzia kinga, kwa hiyo anapigwa zaidi, na mwendo, kwa hiyo hawezi hata kukimbia. Aliyeteleza hana pa kushika.

Chagueni kimoja. Sisi tunachagua kisiwe dadu. Aliyechoka akose jambo analoweza kufanya, asikose bahati. Kwa alama 1, haruhusiwi kukimbia wala kuruka. Kwa alama 2, ana kitendo 1 badala ya 2. Ziishie hapo, na mwisho wa kila raundi alama 1 iondoke yenyewe. Mchezaji wa shujaa aliyechoka bado anarusha dadu kwa nafasi yake kamili, na bado ana la kufikiria. Asiye na la kufikiria ataanza kuchungulia simu.

Kwenye sheria zetu kupumzika kunarudisha pumzi 2 lakini hakuna anayepumzika. Ni uvivu wa wachezaji? (Msomaji, Temeke)

Si uvivu, wamepiga hesabu kichwani na wako sahihi. Tuseme pigo la kawaida ni la bure na linatoa majeraha 2, pigo kubwa linatoa 5 kwa pumzi 4. Faida ya pigo kubwa ni majeraha 3 kwa pumzi 4, yaani robo tatu ya jeraha kwa kila pumzi. Anayepumzika ameacha pigo la kawaida, amepoteza majeraha 2. Ukimrudishia pumzi 2, umempa thamani ya jeraha 1 na nusu. Hasara hiyo. Ukimpa 3, anapata 2 na robo, faida ndogo inayomfanya asitesite. Ukimpa 4 anapata 3, na hapo kila mtu atapumzika kila raundi, mchezo utapooza.

Kwa hiyo 3. Halafu kupumzika kule kitendo 1, kusile zamu nzima, na shujaa aliyepumzika akae na kinga pungufu ya 1 hadi zamu yake ijayo. Akiwa na adui ndani ya sentimita 15, asiruhusiwe kabisa. Kipimo hiki ndicho kinachowasukuma wachezaji kusogeza sanamu zao, wengine wakatafute kona na wengine wakawafuate hukohuko.

Vipande vya karatasi vya kuhesabia pumzi vinapeperushwa na pangaboi. Na feni hatuwezi kuzima kwa joto hili. (Msomaji, Magomeni)

Tumieni komwe za bao. Bao la kiswahili lina komwe 64, na timu mbili za mashujaa wanne kila moja, wenye ukomo wa pumzi 8, zinahitaji 64 kamili. Zina uzito wa kutosha, hazijali jasho la vidole, na zikiwekwa juu ya kadi ya shujaa badala ya kando ya sanamu hazigongwi wakati wa kusogeza. Kwa uchovu chukueni vizibo vya soda kama vile vya drafti: kikilala kifudifudi ni alama 1, kikigeuzwa ni 2. Msihesabie pumzi kwa dadu. Kuna siku mtu ataiokota airushe, na hakuna atakayekumbuka ilisoma ngapi.

Roboti achoke? (Msomaji, Tabata)

Asichoke, apate joto. Hesabu ni zilezile, zimegeuzwa: anaanza na 0, kila pigo kubwa linaongeza, na akifika ukomo anazima raundi nzima. Asiwe na kitendo cha kupumzika. Apoe kwa 2 kila raundi, atake asitake. Kumwachia roboti bure kabisa ni kumpa nguvu ambayo pointi zenu za kuunda timu hazijailipia.

Michezo maarufu ya nje inafanyaje? (Msomaji, Kigamboni)

HeroClix, ya kampuni ya WizKids tangu 2002, haina hesabu ya pumzi. Sanamu iliyofanya kitendo huwekewa alama. Ikilazimishwa tena zamu inayofuata inapata alama ya pili na kwa kawaida inaumia kwa pointi 1, kisha lazima ipumzike. Ni alama mbili tu, lakini swali "nimlazimishe au nimwache?" linarudi kila zamu. Marvel: Crisis Protocol ya 2019 imepita njia nyingine: wahusika hupata nguvu kila raundi, na hupata nyongeza kwa kila jeraha wanalopata. Anayepigwa anazidi kuwa hatari. Ninyi mnaosumbuliwa na wachezaji kukata tamaa mapema, hili la pili ni la kujifunza: mpeni aliyejeruhiwa pumzi 1, mara moja tu kwa raundi, asije akatafuta kupigwa makusudi.

Tucheze mara ngapi kabla ya kusema kanuni imekaa sawa? (Msomaji, Ubungo)

Mara 4 hazitoshi. Timu mbili zilizo sawa kabisa zikicheza mara 4, kuna nafasi 1 kati ya 8 kwamba moja itashinda zote kwa bahati tu. Anzeni na mara 8, timu zilezile pande zote, mkibadilishana upande wa meza na anayeanza. Kwenye daftari andikeni pumzi ya kila shujaa mwisho wa kila raundi. Mshindi ni habari ya pili. Wengi wakimaliza na zaidi ya nusu ya ukomo wao, kanuni haiumi. Wengi wakiwa 0 mwisho wa raundi ya 2, ni kali mno. Badilisheni namba moja tu, kisha mrudie.

Na vibaraka wa adui mkuu, nao wawe na pumzi? (Msomaji, Sinza, kwa mara nyingine)

Hapana. Vibaraka 12 wenye hesabu 12 watakula dakika zote za mchezo. Kibaraka asogee, apige, aanguke.