Maswali Yenu: Mtoto akiitwa "coconut" shuleni

*Binti yetu wa miaka 12 anasoma hapa Leicester, Uingereza. Wenzake, Waafrika kama yeye, wanamwita "coconut" kwa ajili ya lafudhi yake na vitabu anavyosoma. Mwalimu anasema ni utani tu, maana wote ni weusi. Tufanyeje? – Mama N.*

Mwalimu amekosea, mama. "Coconut" ni nazi: anayeitwa hivyo anaambiwa ni kahawia nje na mweupe ndani, yaani amewakana watu wake. Weusi wa msemaji haumwokoi. Mwaka 2009, katika kikao cha baraza la jiji la Bristol, diwani mweusi Shirley Brown alimwita hivyo diwani mwenziwe mwenye asili ya Asia. Mwaka 2010 mahakama ilimtia hatiani kwa lugha ya kibaguzi, akaachiwa kwa masharti ya miezi 12.

Hata hivyo, msikimbilie polisi. Mahakama hutazama neno limesemwa wapi na kwa nani. Novemba 2023 mwanamke mmoja aliandamana London na bango lenye sura za waziri mkuu wa wakati huo Rishi Sunak na waziri wake wa mambo ya ndani Suella Braverman, wote wenye asili ya Asia, katikati ya nazi. Septemba 2024 akaachiwa huru, hakimu akiliona bango lile kuwa kejeli ya kisiasa. Uwanja wa shule si maandamano, lakini pia si mahali pa kuanzia na kesi.

Anzeni na daftari. Kila tukio liandikieni tarehe, mahali, aliyesema, waliosikia, na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa. Hapa ndipo wazazi wengi hukwama: wanaandika "mtoto katukanwa", na shule inajibu kwamba haikuona tusi lolote. Kisha mwandikieni mkuu wa shule barua pepe, si mwalimu wa darasa peke yake. Elezeni kwa sentensi moja maana ya neno, maana huenda hajawahi kulisikia, mwombeni alishughulikie kama tukio la kibaguzi, na mtaje siku mnayotaka kujibiwa. Sera ya nidhamu kwa kawaida iko kwenye tovuti ya shule. Nukuuni kifungu cha uonevu. Wakinyamaza, fuateni utaratibu wa malalamiko rasmi, unaofika hadi bodi ya shule.

Na msimkataze binti vitabu vyake ili apate amani. Wakishaona neno limefanya kazi, watalirudia.

*Babu alituambia kwamba Wakongo wa zamani waliitana "mundele ndombe". Lilitoka wapi? – Msomaji, Bukavu*

Ni Kikongo: mzungu mweusi. Lilishika sana enzi za Wabelgiji, walipowatenga wasomi wachache na kuwaita évolué, watu "walioendelea". Mwaka 1948 ikaja kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 hadhi ya juu zaidi, immatriculation. Mwombaji wa hadhi hiyo alikaguliwa hadi nyumbani: wanakula kwa uma na kisu? mke anakaa meza moja na mumewe? jiko ni safi? Patrice Lumumba mwenyewe, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, alikataliwa kwanza, akaipata mwaka 1954. Waliofaulu walikuwa mia chache tu katika nchi ya mamilioni, na mshahara wao haukukaribia wa Mbelgiji. Mzungu hakuwakubali, jirani akawacheka. Kejeli ya mtaani ilijua vizuri inamgusa nani.

*Natafsiri filamu ya Afrika Kusini. Mhusika anaitwa "coconut", baadaye "cheese boy". Niweke nini kwenye maandishi ya chini? – J., Dodoma*

Usiandike "nazi", mtazamaji wa Tanga atafikiri mchuzi. "Mzungu mweusi" inatosha kwa la kwanza. "Kibaraka" ni mtu anayetumiwa na wakubwa, na "limbukeni" ni mgeni wa vitu vizuri. Yote mawili yatapotosha. "Cheese boy" ni suala la mfuko zaidi kuliko utamaduni: kijana wa mtaa wa watu weusi ambaye kwao jibini halikosekani. Mpe "wa kishua", au "mtoto wa geti kali" kama nafasi ipo. Una mistari miwili, herufi kama 42 kila mmoja, kwa hiyo maelezo hayatoshei. Chagua neno moja, ulishike hadi mwisho wa filamu.