Thole: kijiti cha kasia kilichoniumbua

Nyinyi mnaoingia sasa kwenye kazi ya kutafsiri, lisikieni neno la Kiingereza lililoniumbua: thole. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kisa cha Uskoti. Mtoto analia jino usiku, dawa hakuna, na bibi yake anamwambia itabidi "thole". Nikafungua kamusi, maana ya kwanza niliyoiona ikawa kijiti cha mashua. Basi bibi wa watu nikamfanya amwamuru mjukuu ashike kijiti cha kasia! Mhariri alicheka hadi machozi.

Kijiti chenyewe kipo kweli. Huchomekwa kwenye ukingo wa mashua. Vikiwa viwili, kasia hukaa katikati yake. Kikiwa kimoja, kasia hufungwa kwacho kwa kitanzi cha kamba, kile ambacho pwani yetu wanakiita kishwara. Kikivunjika, unachonga kingine, na afadhali kivunjike hicho kuliko ukingo. Waholanzi wanakiita dol.

La bibi ni kitenzi: kuvumilia. Kiingereza cha kale kiliandika þolian, na Kijerumani kina ndugu yake, dulden. Leo utalisikia zaidi Uskoti, kaskazini mwa Uingereza na Ireland ya Kaskazini. Mshairi Seamus Heaney, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, amesimulia katika utangulizi wa tafsiri yake ya mwaka 1999 ya Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale, jinsi alivyolikuta neno hilo la kale akatambua kumbe ni la shangazi yake, aliyelitumia kwa jamaa waliofiwa.

Msije mkajitungia kwamba mpiga makasia huvumilia, kwa hiyo maneno ni mamoja. Mimi nilijitungia hivyo, tena nikawafundisha wenzangu. Hayana undugu, kama kaa wa baharini na kaa la moto. Sisi ngeli hututenganishia. Kiingereza hakina, kwa hiyo tazama neno linafanya kazi gani kwenye sentensi, na nani anasema, wa wapi.

Hata ukishajua ni kitenzi, usikimbilie "vumilia". Katika sheria za Uskoti husemwa mshtakiwa "has tholed his assize", yaani kesi yake ilishasikilizwa na kuamuliwa, hivyo asishtakiwe tena kwa kosa lilelile. Huenda hata aliachiwa huru. Hapo mimi huandika "kesi yake ilikwisha kuamuliwa", na neno uvumilivu silitumii kabisa.